Shirati, Mji wa Ziwani Uliolelewa na Milima

Ramani ya leo ya Mkoa wa Mara inaonyesha Wilaya ya Tarime ikiwa imezungukwa na nchi kavu pande zote. Kaskazini ni Kenya, kusini ni Mto Mara, na magharibi ni Wilaya ya Rorya, ambayo ndiyo sasa inayoshika ufukwe wa Ziwa Victoria. Mambo hayakuwa hivyo siku zote. Hadi mwaka 2007, Rorya ilipomegwa kutoka Tarime, wilaya hiyo ilianzia kwenye migomba ya Wakurya huko milimani ikateremka mpaka kwenye mitumbwi ya Shirati, Sota na Kinesi. Mgawanyo huo ulikuwa na sababu zake, na si nia ya makala haya kuupinga. Ila umeacha wazo moja ambalo naona lina madhara: kwamba habari za samaki, mialo na miji ya wavuvi ni za Rorya na Musoma, wakati Tarime na Serengeti wana kahawa yao, dhahabu yao na nyumbu wao. Historia ya Shirati inasema vingine. Mji huu wa wavuvi ulijengwa, ukalishwa na hata ukajazwa watu na nchi iliyo nyuma yake, na uhai wa samaki wake ungali unaamuliwa kwa sehemu kubwa na watu wasioliona ziwa kutoka mlangoni kwao.

Tuanze na mahali penyewe. Shirati iko kwenye ghuba ndogo karibu na mpaka wa Kenya, kaskazini mwa Ghuba ya Mori, ambako Mto Mori unaotoka nyanda za Tarime unaingia ziwani. Nchi ya ufukweni ni tambarare na kame kiasi. Mvua zake ni haba na hazitabiriki, na kwa sababu hiyo wakazi wake tangu zamani wametegemea mtama, muhogo na mifugo pamoja na uvuvi. Ukipanda kuelekea mashariki hali inabadilika haraka: hewa inapoa, mvua inaongezeka, mahindi, ulezi, ndizi na kahawa vinashika nafasi. Nyanda hizo ziko juu mita mia kadhaa kuliko uso wa ziwa, ambao wenyewe uko kama mita 1,134 juu ya bahari. Ni mwendo mfupi tu kutoka penye samaki wengi na nafaka chache hadi penye nafaka nyingi na samaki wasiokuwapo. Mahali pa namna hiyo soko huzaliwa hata bila serikali kuliamuru.

Na ndivyo ilivyokuwa kabla ya wakoloni. Wajaluo walioteremka kutoka kaskazini walizikuta kandokando ya ziwa jamii zinazoitwa kwa jumla Wasuba, wakachanganyika nazo, wakajifunza kwao na wao wakawafundisha. Uvuvi wa wakati huo ulikuwa wa migono iliyosukwa, mishipi na vizuizi vilivyojengwa kwenye midomo ya mito. Samaki aliyekaushwa kwa moshi au jua alipanda mlima, na ulezi uliteremka. Ndani zaidi, huko ambako leo ni Wilaya ya Serengeti, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme waliishi kwa kilimo, mifugo na uwindaji, wakapeleka mikia ya nyumbu hadi Usukuma na kurudi na chumvi na chuma. Nchi yote hii, kutoka mbugani hadi majini, iliunganishwa na mahitaji ya tumbo. Ugonjwa wa sotoka ulipofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, na njaa na uvamizi vikafuatia, watu walihamahama kutafuta mahali pa kuokoa maisha, na ziwa lilikuwa moja ya mahali hapo. Mwenye mifugo aliyebaki mikono mitupu anaweza kuanza upya kwa mgono mmoja.

Wapo watakaosema kwamba soko la kubadilishana si mji, na kwamba Shirati ilizaliwa na mpaka wa wazungu. Hoja hii ina uzito. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani yaliuweka mpaka wa nchi zao ziwani kwenye latitudo ya digrii moja kusini, na mstari huo unafika nchi kavu kaskazini kidogo tu mwa Shirati. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na mara meli za mvuke za Waingereza zikaanza kuzunguka ziwa lote. Wajerumani, wakiwa na boma Mwanza na hofu ya jirani yao wa kaskazini, waliweka kituo Shirati mwanzoni mwa miaka ya 1900, na ndani ya nchi wakajenga ngome ya Ikoma, ambayo magofu yake yangalipo wilayani Serengeti. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, pwani hii ikawa uwanja wa mapambano. Novemba 1914 meli ya Waingereza iitwayo Sybil ilipanda mwamba huko Majita, ikakaa hapo miezi kadhaa kabla ya kunasuliwa, na Januari 1915 Waingereza wakaiteka Shirati yenyewe. Basi ni kweli kwamba bendera, bunduki na meli viliiweka Shirati kwenye ramani.

Lakini tazama kilichofuata. Vita vilipokwisha na nchi yote ikawa chini ya Mwingereza, sababu ya kuwa na kituo cha askari mpakani ilitoweka. Makao ya utawala yakawa Musoma, yenye bandari nzuri zaidi. Sehemu iliyo kaskazini mwa Mto Mara ilipofanywa wilaya yake, ikiitwa North Mara, makao yake yaliwekwa Tarime, milimani, siyo Shirati. Jina hilo la zamani la wilaya bado linasikika kila siku kwa sababu mgodi wa dhahabu wa Nyamongo umelibeba. Kama Shirati ingekuwa zao la mpaka tu, ingekufa katika miaka hiyo, kama zilivyokufa boma nyingi za Kijerumani ambazo leo ni mawe na vichaka. Haikufa. Na sababu ya kutokufa kwake haikutoka majini.

Mwaka 1934 wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani, wakiongozwa na Elam Stauffer na mkewe Elizabeth, walifungua Shirati kituo chao cha kwanza katika Tanganyika. Kutoka hapo wakasambaa Bukiroba, Mugango, na baadaye Nyabasi huko Tarime kwa Wakurya. Zahanati ikakua kuwa hospitali, na hospitali ikawa na huduma kwa wagonjwa wa ukoma ambayo ilijulikana mbali. Mwaka 1967 Zedekia Kisare, mwenyeji wa nchi hii hii, akawa Mwafrika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Kanisa la Mennonite Tanzania. Nayataja haya kwa sababu hospitali ni kipimo kizuri cha mji unategemea nani. Wavuvi wa ghuba moja hawajazi wodi. Waliozijaza ni akina mama wa Tarime walioletwa kujifungua, watoto wenye malaria kutoka mabonde ya Mori na Mara, na wagonjwa waliovuka mpaka kutoka Migori. Na mgonjwa haji peke yake: huja na ndugu wa kumwuguza, na ndugu huyo anahitaji mahali pa kulala, unga, mkaa na samaki. Shughuli nyingi za Shirati, na hasa za sokoni Obwere, zilikua kwa kuwahudumia watu wa kutoka juu waliokuja kwa shida zao na kuondoka na kitoweo.

Sasa tuingie majini, kwa sababu ushahidi mkubwa zaidi umo humo. Nyavu za kisasa za kutega zililetwa Ziwa Victoria mwaka 1905, zikaenea haraka kuliko mgono ulivyowahi kuenea. Kufikia 1927 na 1928, mtaalamu Mwingereza Michael Graham alipofanya uchunguzi wa kwanza wa uvuvi katika ziwa zima, sato wa asili, ambaye Wajaluo humwita ngege, alikuwa tayari ameanza kuadimika karibu na fukwe. Graham alipendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi 5 na ziwa lote lisimamiwe na mamlaka moja. Mamlaka hiyo ilikuja kuundwa mwaka 1947, ikavunjwa mwaka 1960, na nyavu zenye matundu madogo zikatawala. Hadithi hii ya ngege hurudiwa sana. Isiyosimuliwa vya kutosha ni ya ningu.

Ningu ni samaki wa ziwani asiyeweza kuzaa ziwani. Masika yanapoanza na mito ikafurika, huacha maji makubwa, huingia mtoni na kupanda dhidi ya mkondo, kilomita nyingi, hadi afike kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko pembeni mwa mto, na hapo ndipo hutaga. Vifaranga hukulia kwenye maji hayo ya kina kifupi kisha huteremka ziwani. Wazee walimvua kwa migono na vizuizi, ambavyo huacha wengi wapite. Nyavu za kutega zilipofungwa kwenye midomo ya mito, ziliwanasa majike wakiwa na mayai tumboni, usiku kwa usiku, msimu kwa msimu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 uvuvi wa ningu, uliokuwa kati ya ule mkubwa kabisa wa ziwa, ulikuwa umeporomoka. Sangara hakuhusika na kifo hiki. Wakati huo alikuwa bado hajaenea. Ningu alimalizwa mahali mto unapokutana na ziwa, na pale alipobaki, Mto Mara ukiwa mmojawapo, alibaki kwa sababu bado kuna mto unaofurika na mbuga zinazopokea mafuriko hayo. Mkulima anayelima hadi ukingoni mwa mto akakausha kidimbwi cha mafuriko apande mahindi anaweza asijue kwamba amefunga chumba cha uzazi cha samaki wa Shirati.

Ndipo inapokuja hoja ya sangara, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Samaki huyu aliingizwa Ziwa Victoria kutokea Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 akafurika kila mahali. Aina za furu zilizokuwa zaidi ya 500 zikapungua vibaya, na wataalamu wanakadiria kwamba karibu 200 zilitoweka. Lakini kwa uchumi ilikuwa neema ya ghafla. Minofu ikasafirishwa Ulaya, mabondo yakapelekwa Asia, na mapanki yakabaki kwa wenyeji. Mtu anaweza kusema: huyu samaki hakupanda mto wowote, hakuhitaji mahindi ya Tarime wala mvua za Serengeti, na bado alileta fedha ambazo fukwe hizi hazikuwahi kuziona. Kwa hiyo ziwa peke yake linatosha kujenga mji.

Kama lingetosha, Shirati ingekuwa jiji. Sangara walivuliwa mbele ya Shirati na Sota kama walivyovuliwa mbele ya Mwanza, lakini viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza na Musoma, penye umeme wa kuaminika, barabara ya lami, barafu na, kwa Mwanza, uwanja wa ndege wa kupakia mizigo. Sangara wa Shirati aliondoka Shirati kwenye barafu za mtu mwingine. Tena soko lake liliamuliwa mbali: kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilizuia samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, kwa sababu za vimelea, kipindupindu na uvuvi wa sumu, na bei mwaloni zikaanguka kwa uamuzi uliofanyika ofisini Brussels. Mji hupata kudumu pale samaki anapokutana na barabara, umeme, mlaji na nafaka. Sangara aliwatajirisha watu kadhaa na kuwaajiri wengi, sikatai. Alichoshindwa ni kuijengea Shirati chochote ambacho bara lake halikuwa nacho.

Mlinganishe na dagaa. Dagaa leo ndiye mwenye uzito mkubwa zaidi katika samaki wote wanaovuliwa Ziwa Victoria, ingawa kila mmoja wao hazidi urefu wa kidole. Huvuliwa usiku wa giza. Zamani mitumbwi ilitoka na karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za sola, zikielea juu ya maji mpaka dagaa wajikusanye chini ya mwanga ndipo wavu uvutwe. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi hulala nyumbani. Alfajiri mitumbwi inarudi, wanawake wananunua kwa ndoo, na kabla jua halijachomoza vizuri dagaa wametandazwa: juu ya mchanga, juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa, juu ya miamba, na kwa wenye uwezo juu ya chanja. Kinachofuata ni mbio dhidi ya mvua. Saa chache za wingu zinatosha kumgeuza dagaa wa chakula cha watu kuwa dagaa wa kuku, na mama aliyemnunua ndiye anayebeba hasara yote. Wakikauka vizuri hufungwa kwenye magunia, hupakiwa kuelekea Utegi, kisha Tarime na Sirari, na kwa njia nyingine Mugumu. Dagaa hana haja ya barafu wala ndege. Mlaji wake yuko Nyamwaga na Nyamongo kule Tarime, na Mugumu kule Serengeti, katika nyumba ambazo nyama ni ya sikukuu. Ndiyo maana biashara yake haikutetereka Ulaya ilipofunga milango. Sangara alitegemea mteja wa ng'ambo. Dagaa anategemea jirani wa mlimani, na jirani huyo amekuwapo tangu enzi za ulezi na samaki wa moshi.

Nimeieleza milima, na sasa niufikie mto, maana hapo ndipo Serengeti inapoingia moja kwa moja. Mto Mara una urefu wa kilomita 395. Unaanzia kwenye kinamasi cha Enapuiyapui katika msitu wa Mau nchini Kenya, unapita Masai Mara, unaingia Tanzania kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti penye Kogatende, unagawa Wilaya za Tarime na Serengeti, unajitandaza kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo, unapita chini ya daraja la Kirumi na kuingia Ghuba ya Mara karibu na Musoma. Ni mto pekee wa kaskazini mwa Serengeti usiokauka kiangazi. Nyumbu zaidi ya milioni moja huufuata kwa sababu hiyo, na kila mwaka wengi huzama wakivuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 hufa maji kwa mwaka, sawa na tani 1,100 za nyama na mifupa, na kwamba samaki wa mtoni hula mizoga hiyo, huku mifupa ikiendelea kutoa virutubisho kwa miaka. Watalii hupiga picha mamba, gari likaondoka. Kinachoendelea baada ya hapo ni kwamba rutuba ya mbuga inateremka na maji kuelekea kwa wavuvi.

Msomaji mwenye elimu ya maji anaweza kunikatiza hapa. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800, na zaidi ya asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito yote kwa pamoja huleta kiasi kidogo, na katika mito Kagera ndio mkubwa. Mara ni nini mbele ya hayo? Kwa hesabu ya maji, ni kidogo kweli. Lakini samaki hawaishi kwa hesabu hiyo. Wanaishi kwa mahali pa kutagia, pa kujificha na pa kupata chakula wakiwa wadogo, na mahali hapo ni ghuba za kina kifupi, midomo ya mito na mafunjo. Uchunguzi uliofanyika kwenye maziwa na mabwawa ya Uganda umeonyesha kwamba mafunjo mazito, yenye hewa kidogo majini, huwa kimbilio la samaki wa asili kwa kuwa sangara hawezi kuvumilia kukaa humo. Kinamasi cha Mara ni cha namna hiyo. Kamongo na kambare wanakipenda kwa sababu wanaweza kuvuta hewa ya juu. Ghuba nzima inaweza kuishi au kudhoofika kwa hali ya kinamasi kimoja, hata kama ziwa kwa ujumla wake halihisi lolote.

Na kinamasi hicho kinabadilika. Watafiti waliolinganisha picha za setilaiti za 1973 na 2000 waliona kimepanuka sana katika miaka hiyo. Sehemu ya sababu ni ziwa, lililopanda kama mita mbili na nusu kufuatia mvua za 1961 hadi 1964 na kuziba mdomo wa mto. Sehemu nyingine ni tope. Msitu wa Mau umekatwa kwa miongo, na mwaka 2001 serikali ya Kenya iliondoa zaidi ya hekta 60,000 kwenye hifadhi ya msitu huo. Udongo unaokosa mizizi ya kuushika husafiri, na safari yake huishia pale maji yanapopungua kasi, yaani mashambani na malishoni mwa watu wa Tarime, Serengeti na Butiama wanaoishi kando ya kinamasi. Hao ndio wanaoona eneo lao likimezwa na mafunjo mwaka hadi mwaka.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa, hasa maeneo ya Kirumi. Serikali ilizuia kwa muda uvuvi na matumizi ya maji hayo, ikaunda kamati, na kamati ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyosombwa na kumaliza oksijeni majini. Wananchi wengi hawakuridhika, kwa kuwa macho yao yalikuwa kwenye mgodi wa North Mara. Hawakuwa na wasiwasi usio na msingi: Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini hadi Mto Tigithe, unaoingia Mara, na mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi. Kwa upande wa pili, vifo vya samaki kwa kukosa oksijeni katika mto huu si hadithi ya kutungwa. Utafiti wa 2018 ulieleza jinsi viboko zaidi ya 4,000 wa sehemu ya Kenya wanavyojaza kinyesi kwenye vidimbwi, na mvua ya ghafla inavyokisomba na kuua samaki chini ya mkondo. Ninavyoona mimi, ubishi kuhusu nani alaumiwe kwa tukio la 2022 umeficha jambo ambalo pande zote zimelikubali bila kulitamka. Iwe ni ng'ombe, iwe ni kiboko, iwe ni mgodi, kilichoua samaki kilitoka juu. Hakuna aliyesema kilitoka ziwani.

Linabaki pingamizi moja, na ni la haki. Je, huku si kuwatwisha wakulima na wafugaji dhambi za wavuvi? Makokoro yanayokomba fukwe na mazalia, nyavu za timba, kupiga katuli na kuuza sangara wasiofika sentimita 50, hayo hayafanywi na Mkurya wa Nyamwaga. Operesheni Sangara ya 2018 ilikamata na kuteketeza nyavu haramu nyingi, na malalamiko ya wavuvi kuhusu ukali wake hayafuti ukweli kwamba nyavu hizo zilikuwapo. Nakubali. Mvuvi anayekomba vifaranga anaiba kesho ya mwanawe, na vikundi vya kulinda rasilimali kwenye mialo vinastahili nguvu zaidi ya vilivyonayo. Ila ningu ametufundisha kwamba ziwa lina milango miwili, na kulinda mmoja huku mwingine ukiwa wazi ni kazi ya bure. Tumeweka askari, mizani, rula na sheria upande wa mwaloni. Upande wa mto tumeweka nini?

Sheria ipo, hata huko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba tangu mwaka 2012, kwa hotuba na upandaji miti. Ninachokikosa ni cha kawaida zaidi: mabaraza ya madiwani ya Tarime, Serengeti, Rorya na Butiama kukaa meza moja, yakiwa na bajeti, kuamua kingo zipi za Mara, Mori na Tigithe zipumzishwe kulimwa, ng'ombe wanyweshwe wapi badala ya kuingizwa mtoni kila mahali, midomo ipi ya mito isitegwe nyavu wakati wa masika ili ningu apite, na mama wa dagaa apate chanja na barabara inayopitika mvua ikinyesha. Wakulima watakaoachia vipande vyao vya ukingoni wana haki ya kufidiwa au kupewa njia nyingine ya kulima, kwa sababu hasara haipaswi kuwa yao peke yao wakati faida ni ya wote.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa madiwani wa Tarime na Serengeti hasa, kabla ya wale wa ziwani. Bajeti ijayo ya halmashauri ikifika mezani kwenu, tafuteni humo fungu la kingo za mito. Kama halimo, liwekeni. Samaki anayeuzwa Nyamwaga na Mugumu ana haki ya mstari mmoja katika bajeti yenu.